Wanafunzi Wengi, Wateja Wangapi?

Swali: Nataka kufungua mgahawa mdogo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanafunzi wamejaa. Kuna haja gani ya kuchunguza soko?

Jibu: Ipo, ndugu yangu, tena kabla hujalipa kodi ya fremu. Wanafunzi wengi hula kwa fedha za Bodi ya Mikopo, zinazotoka kwa awamu, wenyewe huziita boom. Boom likiingia, wali kuku unagombewa; likikata, wanapika chumbani. Kwa hiyo chunguza eneo hilo wiki ya neema na wiki ya ukata, uhesabu sahani wanazouza mama lishe waliokutangulia, na kwa bei gani. Waulize wanafunzi jana walikula wapi na kwa shilingi ngapi. Usiwaulize kama watakuja kwako; watakuitikia kwa adabu tu.

Namba ya mlipakodi (TIN) utaipata Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo, na leseni halmashauri. Hayo ni mepesi. Kigumu ni likizo ndefu, ambayo kwa kawaida huanza Julai au Agosti hadi Oktoba, na kodi ya fremu haisimami. Piga hesabu ya miezi hiyo peke yake. Isipokubali, tafuta fremu karibu na Soko la Majengo, ambako wateja hawategemei likizo ya chuo.