Kushindana kwa Halali

Masomo: 1 Kor 9:24-27, 2 Tim 2:5, Ebr 12:1-2



Wakorintho walioandikiwa na Mtume Paulo waliijua michezo. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka miwili, yalifanyika mashindano ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani ya msonobari. Majani hunyauka. Ndiyo maana Paulo anawaelekeza kwenye taji lisiloharibika. Kwa Timotheo anaongeza sharti: taji ni la yule aliyefuata kanuni.

Tuwatazame wanariadha wawili wa Olimpiki.

Tarehe 24 Septemba 1988, mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mbio za mita 100 kwa sekunde 9.79. Siku tatu baadaye alinyang'anywa medali, kwa kuwa vipimo vilionyesha ametumia dawa iliyokatazwa. Dhahabu akapewa Carl Lewis wa Marekani.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico City lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

Wa kwanza aliondoka mikono mitupu. Wa mwisho hakupata medali, lakini anatajwa kwa heshima hadi leo.

Nasi tumetumwa. Kisima kinaweza kukamilika upesi na taarifa yake ikapendeza, kumbe stakabadhi ni za kughushi na wajane wameondolewa kwenye orodha. Kisima kingine kinachelewa kwa mvua na bei ya saruji, lakini kila shilingi ina maelezo yake, na kamati haijakimbia. Ndugu wafadhili, msiidharau kamati hii ya pili. Anayesifu kasi peke yake humfundisha mkimbiaji kutafuta dawa.

Tukumbuke pia kwamba taji la mbinguni ni neema. Hatulinunui kwa visima. Lakini anayelitazamia hawezi kudanganya njiani, kwa sababu Mwamuzi wake anaona hata yale ambayo mkaguzi wa hesabu hayaoni.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Ni kazi gani tuliianza kwa shangwe, na sasa imelala?
2. Je, hesabu zetu zinaweza kusomwa mbele ya waumini wote?
3. Nani katika parokia yetu ameanguka njiani, na nani atamfunga bendeji?

Mungu atujalie kumaliza.