Mekatilili: Jina la Heshima na Jina la Daftarini



Somo letu la mara hii lilianzia Mwembe Tayari, hapa kisiwani Mombasa. Wengi wenu mnapajua kwa sababu ya mabasi na soko. Tulikuwa na mkutano na kikundi cha akina mama wanaouza nazi, maembe na mboga. Kabla hatujafungua ajenda, nyanya mmoja Mgiriama alisimama akasema:

"Mjukuu wangu amerudi kutoka shule akilia. Wenzake wamemcheka jina. Wanamwambia hilo ni jina la kitabuni, si jina la mtu. Nataka kujua, je, tulikosea?"

Tukamwuliza, "Nyanya, mtoto anaitwaje?"

"Anaitwa Mekatilili."

Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi. Mzee mmoja Mgiriama, mlinzi wa soko, akasema kutoka mlangoni, "Lakini mama, hilo si jina la mtoto. Hilo ni jina la mzazi!" Hapo ubishi ukaanza. Tukaona heri tuache ajenda tujifunze jambo hili, na leo tunawaletea ninyi nyote. Mwisho wa somo mtaona kwamba linahusu pia pesa za kikundi chenu.

JINA HILI LATOKA WAPI?

Yule mzee alisema kweli. Kwa Kigiriama, "Me" mwanzoni mwa jina ni sawa na kusema "mama wa". Mekatilili ni Mama Katilili. Mwanamke tunayemkumbuka kwa jina hilo hakuzaliwa nalo. Wazazi wake walimwita Mnyazi, na baba yake alikuwa Menza. Kwa hiyo alikuwa Mnyazi wa Menza. Alipomzaa mwanawe Katilili ndipo watu wakaanza kumwita Mekatilili. Hata leo twasema Mekatilili wa Menza, maana yake Mama Katilili, binti Menza. Jina moja limebeba mtoto na babu yake, na mama yuko katikati.

Alifanya nini hata jina lake likavuka mipaka ya Giriama? Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa ikidai kodi ya nyumba, na tena ikitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi katika mashamba ya wazungu na kazi za serikali. Mekatilili alikuwa mjane na umri umeenda. Alizunguka vijijini akiwavuta watu kwa ngoma ya kifudu, akawakusanya Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo chao kiitwacho mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hawatatoa kodi wala vijana. Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola.

Mwezi wa Oktoba 1913 wote wawili walikamatwa wakapelekwa kifungoni magharibi mwa Kenya. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka wakarudi pwani, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa tena. Alirudi kwao mwaka 1919, akafariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, upande wa Magarini.

KWA NINI NI JINA NADRA?

Ukienda Kilifi, Ganze au Kaloleni utakutana na akina Kadzo, Charo na Kazungu wengi. Kadzo ni mzuri, Charo ni safari, Kazungu ni mzungu mdogo. Akina Mnyazi nao wapo. Hayo ni majina ya kuzaliwa, na Wamijikenda huyarudisha kwa kuwapa wajukuu majina ya babu na nyanya zao. Jina likishika njia hiyo haliishi.

Mekatilili halikuwa katika njia hiyo. Ni jina ambalo mtu hulipata kwa kuzaa, na ili alipate lazima mtoto aitwe Katilili. Ndiyo maana mtu hulisikia sana lakini ni shida kumpata mwenye kuitwa hivyo. Limesambaa kwa njia nyingine. Malindi kuna bustani na sanamu yake. Shuleni watoto wanafundishwa habari zake. Tarehe 9 Agosti 2020 picha yake ilitokea kwenye ukurasa wa mbele wa Google, hata watu wasiowahi kufika pwani wakalisoma.

Siku hizi wako wazazi kama wale wa mjukuu wa nyanya yetu, wanaompa msichana jina hilo tangu siku ya kwanza kwa kumkumbuka shujaa. Je, ni makosa? Sisi tunasema hapana. Majira ya majina hubadilika. Tazameni majirani zetu Waislamu. Waarabu nao wana desturi ya kumwita mtu kwa mtoto wake: Abu ni baba wa, Ummu ni mama wa. Lakini jina Ummu Kulthum lilikuwa la binti ya Mtume Muhammad mwenyewe, na hapa Mombasa twalisikia likipewa vitoto vichanga. Hakuna anayemcheka mtoto huyo akamwuliza, "Kulthum wako yuko wapi?" Jina la uzazi limegeuka kuwa jina la kuzaliwa.

Tulimwambia nyanya amweleze mjukuu wake hivyo, tena amweleze habari za Mnyazi wa Menza mwanzo hadi mwisho. Mtoto anayejua maana ya jina lake ana jibu la kuwapa wenzake. Asiyejua, atabaki kulia tu.

SANAMU ISIYO NA MAJINA

Sasa tusogee hatua moja. Pale pale Mwembe Tayari, katika Barabara ya Jomo Kenyatta, kuna sanamu ya askari ya mwaka 1927. Wengi wetu twapita hapo kila siku na vikapu vichwani bila kuitazama. Iliwekwa kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza, ile iliyoanza 1914, mwaka ule ule Kaya Fungo ilipolipuliwa. Baada ya kuwashinda Wagiriama, serikali iliwatoza faini ya pesa na kuwadai vijana 1,000 wa kazi.

Wazee wa mji husimulia kwamba hata jina Mwembe Tayari latokana na watu waliokusanyika chini ya mwembe hapo, tayari kwa safari ya bara.

Maandishi ya sanamu ile yanawasifu askari na wapagazi wote. Lakini tafuteni jina hata la mpagazi mmoja, hamtalipata. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Walisifiwa kwa jumla, na jamaa zao hawakupata hata mstari wa kuonyesha kwa kidole.

Mekatilili ana bahati. Tunalo jina lake la heshima na tunalo jina lake mwenyewe. Je, akina mama wa vikundi vyetu wanayo yote mawili?

YALIYOTUPATA SISI

Hapa itabidi tukiri kosa letu. Katika kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia, mama mmoja alifariki ghafla. Alikuwa mwekaji mzuri, hakukosa wiki. Binti yake alipokuja kudai akiba ya mama yake, tulifungua kitabu cha kikundi. Kiliandikwa "Mama Karisa". Tukafungua ukurasa mwingine, tukakuta "Mama Karisa" wa pili. Kitambulisho cha marehemu kilikuwa na jina lake la kwao. Kadi ya kanisa ilikuwa na jina la ubatizo. Jina la Mama Karisa halikuwa popote isipokuwa vinywani mwetu.

Wanachama waligawanyika. Wengine walisema akiba kubwa ni ya marehemu, wengine wakasema ni ya yule aliye hai. Mwekahazina alilia. Jambo lile lilikwenda miezi minane, na yule binti alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Lilimalizika siku ile Mama Karisa aliye hai aliposimama akasema, "Hizi kubwa si zangu. Mwenzangu alikuwa akiniita nimsindikize akileta. Mpeni mtoto wake." Angeweza kunyamaza, na sisi tusingekuwa na la kusema.

Kitabu kile sisi wenyewe tulikuwa tumekikagua mara tatu. Tulihesabu shilingi, zikawa sawa, tukatia sahihi. Hatukuangalia majina.

TUFANYE NINI?

Hatusemi muache kuitana Mama fulani. Hiyo ni heshima, na mkikutana sokoni ni vizuri ibaki. Tunasema kitabu kiwe na yote. Kila kikundi kifanye hivi:

1. Kila mwanachama aje na kitambulisho. Jina liandikwe kama lilivyo mle, herufi kwa herufi, pamoja na nambari.

2. Kando yake liandikwe jina analoitwa: Mama Karisa, Mekadzo, Bi Mkubwa, lolote lile. Jina la ubatizo kama halimo kwenye kitambulisho liandikwe pia.

3. Kila mmoja ataje mtu wa kupokea akiba yake akifariki, na jina la mtu huyo liandikwe kwa namna ile ile. Mwanachama atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili.

4. Kama majina kwenye karatasi zako hayalingani, usingoje msiba. Nenda ukapate hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

5. Watoto waandikishwe mapema. Sheria ya Kenya inataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo kazi huwa ndefu zaidi. Na jina mlilomchagulia, hata likiwa nadra, liandikeni vile mnavyolitamka nyumbani, msimwachie karani akisie.

Kikundi cha Mwembe Tayari kilifanya kazi hii kwa mikutano miwili. Ilikuwa mara ya kwanza wengine kujua majina ya wenzao waliokaa nao miaka kumi. Mama mmoja alipoulizwa jina alifikiri kidogo, akasema, "Ngojeni nikumbuke, hakuna aniitaye." Tulicheka naye, lakini maneno hayo tulikwenda nayo nyumbani. Kumbe yeye naye alikuwa Mnyazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Jina lako lina maana gani, na nani alikupa? Kila mmoja aeleze kwa dakika mbili.

2. Je, unalijua jina la kuzaliwa la mwanachama aliyeketi kulia kwako?

3. Katika kitabu chetu, ni wangapi wameandikwa kwa jina la mtoto tu? Nani atarekebisha, na lini?

4. Mtoto wako akichekwa kwa ajili ya jina lake, utamwambia nini?