Kondo la nyuma lililotangulia

Mama wa Salale au Mbwera akivuka kwenda kupimwa altrasaundi hurudi na karatasi yenye maneno ya kigeni. Moja la kulielewa mapema ni plasenta previa. Plasenta ni kondo la nyuma. Previa ni Kilatini, yaani lililo mbele ya njia.

Kwa kawaida kondo hushika upande wa juu wa mfuko wa uzazi, na mtoto hutangulia kutoka. Hapa limeshika chini, likafunika mlango wa uzazi. Kama halikuufunika, ila ukingo wake uko chini ya milimita 20 kutoka mlangoni, husemwa tu kwamba kondo liko chini. Mtaalamu huliona kwa mawimbi ya sauti, si kwa mionzi kama ya eksirei.

Likionekana hivyo kwenye wiki ya 20, usiingiwe na hofu. Mara nyingi kondo hupanda. Kusema kweli halitembei. Sehemu ya chini ya mfuko ndiyo inayokua na kurefuka, kondo likabaki mbali na mlango. Kwa sababu hiyo mama huambiwa arudi wiki ya 32. Wengine hawarudi, maana picha wameshaiona na nauli ya boti si haba. Lakini picha ya pili ndiyo inayoamua.

Dalili kubwa ni damu kutoka bila maumivu katika miezi ya mwisho. Hata ikiwa kidogo na kukatika yenyewe, nenda hospitali. Ya pili huweza kuwa nyingi. Mkunga, awe wa jadi au wa zahanati, asitie kidole kupima njia, kwani huweza kulijeruhi kondo. Mama aliyewahi kupasuliwa aseme mapema, maana hatari yake ni kubwa zaidi.

Delta ina shida yake. Maji yakipwa, boti hukwama kwenye matope ya mikoko, na kuyangoja yajae ni kama saa 6. Anayetoka damu hana saa hizo. Basi kondo likiwa bado limeziba njia, mama ahamie kwa ndugu walio karibu na hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongeza. Kama hakuna tatizo jingine, upasuaji hupangwa kwenye wiki ya 36 au 37, kabla ya uchungu. Baba atafute mapema watu wa kutoa damu, na ile karatasi ya altrasaundi isisahauliwe nyumbani.