Niliyofunzwa na Muuza Vitabu wa Makambako

Wengi wetu katika shule hii hununua vitabu vya namna moja tu, yaani vile vya mtihani. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka likizo iliyopita. Katika makala haya napenda kueleza jinsi nilivyofunzwa kuchagua kitabu cha hadithi na cha mashairi, ili mwenzangu atakayeingia dukani na fedha ya kitabu kimoja asiitupe.

Mama alikuwa amenipa shilingi 20,000 ninunue kitabu cha uchambuzi wa fasihi. Makambako, kama mjuavyo, ni njia panda. Barabara ya Njombe na Songea huachana hapo na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Nilikuwa nangoja basi la kurudi shuleni, nikaingia katika duka dogo la vitabu na madaftari. Nikamwamkia mwenye duka, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia haja yangu. Badala ya kuninyoshea kitabu, aliniuliza: "Kitabu cha mwisho ulichosikitika kilipokwisha ni kipi?"

Nilikaa kimya. Wahusika wa *Takadini* na wa *Watoto wa Mama N'tilie* niliwajua kwa majina, na dhamira zake nilizijua kwa namba, lakini vitabu vyenyewe nilikuwa sijavisoma. Nilisoma uchambuzi tu. Katika jaribio la muhula tuliulizwa tueleze mwandishi anavyoifungua hadithi yake, nami swali hilo nilipata sifuri. Nikaona haya kumficha mzee, nikamweleza yote.

Hakunicheka. Aliuliza tena ni hadithi gani nilizozipenda nilipokuwa mdogo kwa bibi. Nikasema zile zenye siri. Hapo akatoa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichoshinda mashindano ya hadithi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anayefumbua mauaji kwa akili yake. "Si kipya," akasema, "lakini aliyezoea uchambuzi huanzia hapa, kwa sababu lazima afike mwisho ajue nani kaua."

Kisha akaja kwenye vipya. Cha kwanza kilikuwa *Peponi*. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, naye Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 2022. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni, wala mtoto mwenyewe haambiwi. Anapandishwa gari moshi akidhani anakwenda kutembea. Mzee alinisimulia hayo huku garimoshi la mizigo likipiga honi kule stesheni, na nakiri kwamba nilisahau basi langu.

Nikamwuliza je, waandishi vijana wako? Akanifahamisha habari ya tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo siku hizi huitwa Safal-Cornell. Miongoni mwa riwaya zilizoshinda ni *Mmeza Fupa* ya Ali Hilal Ali, tuzo ya mwaka 2017, na *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, ya mwaka uliofuata. Hizo hakuwa nazo. Huziagiza Dar es Salaam pale mtu anapotanguliza fedha, nazo huja kwa basi. Vitabu vya uchambuzi, kwa upande wake, vilijaa rafu tatu.

Upande wa mashairi ndiko nilikojifunza zaidi. Nilidhani shairi ni vina na mizani basi, kama Amri Abedi alivyotufundisha katika kitabu chake cha mwaka 1954. Mzee akasema Kezilahabi aliviacha vyote viwili katika *Kichomi*, mwaka 1974, na washairi wakagombana miaka mingi. Yeye hana upande. Alinifundisha kulijaribu shairi hivi: ulisome kwa sauti ndogo, mara mbili. Likiwa la vina, gonga kidole kila silabi, uone kama nane za kwanza na nane za pili zinakwenda bila mtunzi kuyavunja maneno. Likiwa huru, tazama mstari umekatwa wapi, ujiulize kwa nini hapo. Ukikosa jibu katika mashairi matatu ya kwanza, rudisha kitabu rafuni.

Alinipa *N'na Kwetu* cha Mohammed Khelef Ghassani, kilichoshinda mwaka 2015, nikijaribie. Mtunzi ni Mpemba akaaye Ujerumani, na diwani yake ni sauti ya mgeni ugenini. Mimi ugeni wangu ni wa kilomita sitini tu, lakini nikaukumbuka usiku wangu wa kwanza bwenini, na baridi ile ya Njombe, na blanketi moja.

Kwa wazazi nitasema neno moja. *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni ilipotoka, kisha baadaye ikawa ya kusomwa darasani. Mkimkuta mwana na kitabu msichokijua, kisomeni kwanza ninyi.

Fedha yangu ilitosha kitabu kimoja. Nilichukua *Peponi*. Mama nilimwandikia barua ya kumwomba radhi, na uchambuzi naazima kwa jirani yangu wa kitandani, ingawa sasa nasoma kwanza kitabu chenyewe. *Takadini* nimekimaliza, na *Watoto wa Mama N'tilie* nimefika katikati.

*Peponi* kimekwisha kupita vitanda saba katika bweni letu na jalada la nyuma limeanza kubanduka. Anayekitaka ajiandikishe kwangu, ila ajue kwamba mbele yake wako wanafunzi tisa na mwalimu mmoja.