Mwanafunzi Anayechelewa Ametoka Wapi?

Mwalimu, katika shule nyingi za kutwa jijini Dar es Salaam, kuchelewa huanzia kwenye kituo cha daladala. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, kwa hiyo konda anayehangaikia hesabu ya tajiri huziba mlango na kupakia watu wazima kwanza. Mtoto wa Mbagala anaweza kufika kituoni saa kumi na moja alfajiri na bado akakuta geti la shule limefungwa. Mwalimu wa zamu anamwona mzembe, kumbe mtoto huyo huenda aliamka kabla yake.

Ada iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Sare, madaftari na nauli vimebaki kwa mzazi, na si kila mzazi anaviweza.

Ili kujua kinachomkwamisha mwanafunzi, anza na rejista ya mahudhurio. Tuseme kweli: wengi huijaza ili mkaguzi aikute imejaa. Fuata jina moja hadi mwisho wa mwezi. Msichana anayekosa siku mbili tatu kila mwezi huenda hana taulo za kike, au choo cha shule hakina maji wala mlango. Mvulana anayekosa kila siku ya mnada huenda yuko huko akiuza karanga.

Kisha uliza, lakini si mstarini mbele ya wenzake. "Kwa nini umechelewa?" ina harufu ya kesi, naye atajibu "nilikuwa naumwa" ili yaishe. Mwite wakati wa mapumziko, mahali mnapoonekana na watu ila hamsikiki. Muulize mambo yanayojibika. Jana ulilala saa ngapi? Nani alipika? Siku hizi unakaa na nani? Hilo la mwisho lina uzito wake: unaweza kusikia kwamba mama yuko mjini kwenye kazi za ndani, na binti huyu wa darasa la sita ndiye anayelea wadogo zake.

Usimwahidi kutomwambia mtu. Akieleza kwamba anapigwa vibaya, anaingiliwa kimwili au anaandaliwa ndoa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa ifike serikali za mitaa. Mwone afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, bila malipo. Kama mtuhumiwa ni wa nyumbani, usianze kwa kumwita mzazi.

Hatutaki utoe mshahara wako kununua madaftari; mwenye watoto tisini darasani hawezi kuwa baba na mama wa wote. Fimbo, hata hivyo, iko mikononi mwetu. Kanuni za elimu za 2002 zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa tu, visivyozidi vinne, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kukosa daladala si kosa la kiwango hicho.