Kelele Zile Zilikuwa za Wageni, Kaka

*Dada, mimi ni mkazi wa Kahe, umri umevuka hamsini. Tangu 2019 napanda hiace kwenda Moshi mjini kuitazama Polisi Tanzania pale Ushirika. Zamani uwanja ulikuwa unawaka. Siku Simba walipokuja mwaka 2022 sikupata hata pa kukaa (jezi yangu nyekundu niliivaa ndani ya koti, usinicheke). Tangu tushuke daraja tumebaki watu wa kuhesabika, na wengi wao wameinamia simu. Kijana wangu wa miaka 19, niliyekuwa nakwenda naye, hataki kusikia habari hizo. Yeye yuko kibanda umiza na wenzake, na mikeka yao ya kubeti. Ananiambia, "Baba, unakwenda kuangalia msiba." Mama watoto naye anauliza nauli naipotezea nini. Naumia, dada. Niache kwenda? Shabiki Mpweke, Kahe.*

Kaka yangu, shikamoo. Umeniomba nisicheke na nimejitahidi, lakini hilo koti limenishinda. Ndani yake limo nusu ya jibu lako, kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Unasema zamani uwanja ulikuwa unawaka. Sibishi. Ila tukumbushane uliwaka siku zipi. Polisi walianza Ligi Kuu msimu wa 2019/20 kwa kishindo. Oktoba ile, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Ditram Nchimbi aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake na mechi ikaisha 3–3. Ukitaja jina lake kijiweni wakati ule, hata asiyejua mpira alikuwa na la kusema. Halafu likaja dirisha dogo la usajili, na Nchimbi akaenda wapi? Yanga hao hao. Machi 2021 Yanga wakawa wageni wetu, lakini mechi ya nyumbani ikachezwa Arusha, Sheikh Amri Abeid. Ilikuwa sare ya 1–1, na baada yake Yanga wakamtimua kocha wao Cedric Kaze. Sijui kama uliifuata, maana kutoka Kahe kwenda Arusha kuona timu ya "nyumbani" si jambo dogo. Kisha Novemba 2022 Simba wakaja Ushirika, wakatufunga 3–1. Na wewe, kaka, chini ya lile koti ulikuwa umeshinda.

Siongei kukuaibisha. Nusu ya jukwaa siku ile ilikuwa kama wewe, na nusu nyingine haikuhangaika hata na koti. Watu walitoka Himo, Marangu, Machame, Mwanga, wengine walishuka na ndizi zao sokoni asubuhi, saa kumi jioni wako Ushirika na vuvuzela. Walikuja kumuona Simba. Sasa jiulize siku ya Ruvu Shooting ilikuwaje. Au siku ya Namungo, katikati ya wiki, jua kali, na mlima umejifunika mawingu kabisa. Nadhani unakumbuka vizuri kuliko mimi: saruji inaunguza, muuza karanga anazunguka jukwaa zima kwa dakika tano na kurudi na karanga zake, na sauti ya kocha akimfokea beki wa kushoto mnaisikia wote. Hiyo ilikuwa Ligi Kuu, wakati "uwanja unawaka".

Kwa hiyo hapa nakupinga kidogo. Unaamini ukimya ulikuja na kushuka daraja mwaka 2023. Ukimya ulikuwepo siku zote, ila mara chache kwa msimu wageni walikuwa wanakuja na kelele zao na kuondoka nazo. Siku hizi hawaji, basi. Ulichopoteza ni zile siku za wageni.

Najua utaniuliza kwa nini basi watu wa Kilimanjaro hawakuipenda timu yao. Kaka, timu yao? Polisi Tanzania ni timu ya jeshi, inakaa pale inapopangiwa kukaa. Mtu anaweza kuipenda, wewe ni shahidi, lakini lazima aamue mwenyewe, kwa sababu hakuirithi kwa baba wala kwa mtaa. Halafu mwenye hiace aliyetozwa faini asubuhi, jioni umwambie amshangilie askari! Binadamu wana vinyongo vyao, tuwasamehe. Na si kwamba Moshi haikuwahi kuzaa timu yake. Kitayosce ilianzia hapa. Ikahamia Tabora, na mwaka ule ule wa 2023 Polisi waliposhuka, wao wakapanda Ligi Kuu, Tabora ikacheza ngoma, ikaiita Tabora United. Wenzetu wa Mbarali nao yaliwakuta: Ihefu waliyoizoea iligeuka Singida Black Stars mwaka 2024 na kuhamia huko Singida. Shabiki wa mikoani siku hizi analala ana timu, anaamka timu ina mkoa mwingine. Polisi wako Championship, wanahangaika, lakini bado wako Ushirika. Hilo lihesabu katika mazuri, ulikuwa hujalihesabu.

Ukitaka kuona timu yenye kwao, nenda siku moja Manungu, Turiani, kwa Mtibwa Sugar. Uwanja umezungukwa na miwa, kama ile uliyoizoea wewe ya TPC hapo jirani. Timu ya kiwanda ile ilichukua ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ikashuka mwaka 2024, na msimu uliofuata ikapanda tena. Pale anayekuja uwanjani anamjua anayekaa kushoto kwake, anajua na deni lake la dukani. Idadi si kubwa. Lakini ukienda na jezi ya mgeni ndani ya koti, watakuvua koti kwa utani kabla hujakaa. Ndicho unachokitamani wewe, nadhani, na hakiletwi na basi la Simba.

Tuje kwa kijana.

Amesema unakwenda kuangalia msiba. Ana ulimi huyo, na nashuku ameurithi. Lakini mueleze jambo moja kuhusu hao Waingereza anaowashangilia kibandani. Februari 2016, Anfield, Liverpool wakiongoza 2–0, maelfu ya mashabiki wao walisimama dakika ya 77 wakatoka nje, kwa hasira ya tiketi iliyopangwa kuuzwa pauni 77. Waliacha viti vitupu nyuma yao, na wapinzani wakarudisha yote mawili, ikaisha 2–2. Wapinzani wenyewe walikuwa Sunderland, jina ambalo Simba wako walilitumia hadi 1971. Ninachotaka aone ni kwamba hata kule anakokuona ni mbinguni, watu wanalalamika kwamba uwanja si ule wa zamani, kwamba wenye kuimba wamesukumwa nje na wenye pesa ya kupiga picha. Na huku kwetu, mwezi Desemba 2024, baada ya mechi ya Simba na CS Sfaxien, viti vya Uwanja wa Mkapa viling'olewa. CAF wakawafungia mashabiki, na tarehe 19 Januari 2025 Simba wakaifunga CS Constantine 2–0 ndani ya uwanja wa watu 60,000 usio na shabiki hata mmoja. Kelele nazo zina gharama yake.

Ila usimwambie haya yote kwa mkupuo mmoja, atakimbia. Tena usimwambie kwa sauti ya kumkanya. Nimeona ulivyoandika: kwako kibanda umiza, mikeka, simu na dharau ni kosa moja. Zitenganishe. Kibandani anakwenda kwa sababu wenzake wako huko, wanasukumana, wanataniana, wanapiga kelele mpaka jirani anakuja kugonga mabati. Hiyo ndiyo hamasa yenyewe unayoililia! Anayo, ila imehamia kwenye chumba chenye joto na benchi la ubao. Huwezi kumlaumu kijana kwa kufuata kile kile ulichokifuata wewe 2022. Mkeka ni habari nyingine. Hapo ongea naye kama mtu mzima mwenzako, na uongee pesa, usiongee mpira: anaweka kiasi gani kwa wiki, anakitoa wapi, na lini mara ya mwisho alirudi na faida. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Akikukwepa, rudi siku nyingine.

Na sasa nikuulize la ndani kidogo, ukiniona nimevuka mipaka utaniandikia. Ungeumia hivi kama jukwaa lingekuwa tupu vile vile lakini yeye amekaa pembeni yako? Barua yako ina mistari minne kuhusu uwanja na yote inamalizikia kwake. Nahisi hukumkosa Nchimbi wala ile Ligi Kuu kama unavyomkosa mtoto aliyekuwa akikushika shati kwenye msongamano wa getini. Alikuwa na miaka 13 mlipoanza. Sasa ana 19, hashiki shati la mtu.

Basi, kama ni hilo, usiache kwenda. Mchagulie mechi moja, Jumamosi ambayo Waingereza wake wanacheza usiku, umwombe akusindikize. Sema "nisindikize", usiseme "twende ukajifunze uzalendo". Aje na rafiki yake mmoja ili asijione amekamatwa. Kaeni chini karibu na benchi la ufundi, ambako siku ya Simba usingeweza kusogea, mle mishikaki, msikie mpira unavyogongwa na wachezaji wanavyoitana. Kijana aliyezoea kuona mpira kwenye kioo hajawahi kusikia beki akimwambia mshambuliaji maneno yasiyoandikika gazetini. Mwache atoe maoni yake, hata ya kuponda. Akishika simu kuangalia matokeo ya Arsenal, muulize ngapi ngapi. Na wale wachache mnaokutana kila mara, mmewahi kujuana majina? Anzeni hapo. Watu kumi wanaojuana wanaweza kuanzisha wimbo. Wewe mwenyewe unajua siku ile ya koti hukuimba, uliogopa.

Akikataa, akikataa tena, nenda peke yako bila kinyongo na ukirudi mweleze mechi ilivyokuwa, kwa ufupi, bila kumchoma. Na jioni moja nenda wewe kibandani kwake. Lipa kiingilio, kaa kwenye benchi, uone anachokiona.

Shemeji naye nimemsikia. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, tiketi, na hiyo mishikaki ninayokushauri mimi kwa mdomo tu, msimu wa kuandaa shamba si pesa ndogo. Ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na jibu la "mpira" halimtoshi mtu anayesubiri pesa ya mbolea. Kaeni mkubaliane mechi ngapi kwa msimu na kiasi gani kwa kila moja, uandike kwenye daftari lile lile la matumizi ya nyumba. Ukizidisha, akukate. Na kabla hujamjibu kwamba mpira si mambo yake, muulize kwanza kama kuna mtu amewahi kumwalika.