Kutengeneza Mtumbwi Wakati wa Mapumziko



Katika somo hili tunataka kujifunza pamoja jinsi ya kutengeneza mtumbwi wa mbao wakati usipofanya kazi. Huenda baadhi yenu mtasema, "Sisi ni watu wa migomba na kahawa, mtumbwi unatuhusu nini?" Unatuhusu sana. Mto Kagera unapita mpakani mwa wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa na nchi ya Rwanda, na kando yake kuna maziwa madogo na mabwawa ya mafunjo. Tena vijana wetu wengi huteremka mpaka Ziwa Viktoria kutafuta riziki katika mialo ya wavuvi.

Liko na jambo jingine. Mara nyingi mwenye mtumbwi siye anayevua. Mwenye mali yuko nyumbani anapalilia kahawa yake, na mtoto wa jirani ndiye anayekaa majini usiku kucha. Kwa hiyo somo hili ni la mvuvi, lakini zaidi ni la mwenye mtumbwi.

Wakati wa kazi hii

Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa haiwavuti dagaa vizuri, basi kila mwezi kuna siku kadhaa za kupumzika. Katika Ziwa Tanganyika serikali yetu ilisimamisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Nasi huku kwetu tuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambapo mbao hukauka vizuri. Siku za namna hii si za kulala tu. Katika Mathayo 4:21 twasoma kwamba Yakobo na Yohana waliitwa wakiwa chomboni pamoja na baba yao Zebedayo, wakitengeneza nyavu. Kutengeneza ni sehemu ya kuvua.

Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji ya Ziwa la Galilaya yalipungua sana, na katika matope ya ufukoni ikaonekana mashua ya kale ya mbao, yenye urefu wa mita 8 na kidogo. Wataalamu waliona kuwa ni ya nyakati zinazokaribiana na zile za Bwana wetu alipokuwa duniani. Hakuna awezaye kusema ilikuwa ya nani. Lakini jambo moja laonekana wazi: ilitengenezwa tena na tena. Ndani yake mna vipande vya miti ya aina nyingi, na mbao nyingine zilikwisha kutumika mahali pengine kabla ya kutiwa humo. Mwenye mashua ile hakuwa tajiri, lakini aliitunza kwa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: Kuutoa majini na kuukausha

Vuteni mtumbwi mpaka nchi kavu, mwondoe nyavu, kamba na mbao za kukanyagia, kisha muuoshe ndani na nje mpaka matope na magamba ya samaki yaishe. Halafu ufudikizeni juu ya magogo mawili au matatu, usiguse udongo, ili upepo upite chini yake na mchwa wasiupande.

Adui mkubwa wa mtumbwi wetu si maji ya ziwa yaliyo nje. Ni maji ya mvua yaliyotuama ndani. Ubao huozeshwa na vimelea vya jamii ya ukungu, navyo huhitaji unyevu pamoja na hewa. Maji ya chumvi ya bahari huvizuia kidogo, lakini maji baridi ya maziwa na mito hayavizuii. Ndiyo maana mtumbwi ulioachwa wazi ufukoni wakati wa masika huoza upesi kuliko unaofanya kazi kila siku.

Lakini msiuweke juani mchana kutwa. Jua kali hukausha ubao upande mmoja, nao hupinda na kupasuka. Kivuli chenye upepo ndicho kinachofaa. Kama hakuna mti, funikeni kwa majani makavu ya migomba.

Hatua ya pili: Kuukagua

Chukueni kisu chenye ncha, mchome taratibu kila ubao, hasa penye maungio, chini karibu na mkuku, na kwenye ncha za mbao. Ubao mzima hukataa kisu; ubao uliooza hukipokea. Tazameni pia misumari. Mkiona doa jeusi kuuzunguka msumari, jueni kutu imeanza kuulainisha ubao, na msumari huo haushiki tena kama zamani.

Kisha mtu mmoja aingie chini ya mtumbwi uliofudikizwa wakati wa mchana. Kila mahali aonapo mwanga, aweke alama kwa chaki au mkaa. Baada ya hapo uinueni ukae sawasawa, mtie maji ndani yasiyozidi kina cha kiganja, mkaangalie nje yanakotokea. Msijaze zaidi, maana uzito wa maji waweza kuzitanua mbao.

Wengine husema, "Unavuja kidogo tu, tunakomba." Hebu tufanye hesabu kama tulivyozoea darasani. Chukua mtumbwi unaovuja robo lita kwa dakika, yaani kikombe kimoja cha chai. Kwa saa moja ni lita 15. Kwa usiku wa saa 8 ni lita 120. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kilo 120, sawa na kupakia watu wazima wawili wasioshika kasia. Tena watu hukaa mahali pao, lakini maji hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Ndivyo mtumbwi unavyopinduka kwa wimbi ambalo siku nyingine usingelisikia. Tena yule anayekomba maji, siku atakapochoka au kusinzia ni nani atakayekomba?

Hatua ya tatu: Kukalafati

Kukalafati ni kuziba maungio ya mbao. Ondoeni kwanza pamba ya zamani yote, msafishe ufa mpaka muone ubao safi. Sokoteni nyuzi za pamba ziwe nene kidogo kuliko ufa, mzichovye katika mafuta, kisha mzishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mti. Shindilieni zikaze, lakini msipige kwa nguvu zote. Mtumbwi ukirudi majini mbao zitanyonya maji na kuvimba, na pamba iliyojazwa kupita kiasi itazisukuma mpaka misumari ing'oke.

Juu ya pamba pakeni puti au lami. Lami ikiyeyushwa motoni, moto uwe mbali na mtumbwi na watoto wawe mbali na moto. Ndugu zetu wa pwani tangu zamani hupaka deheni chini ya vyombo vyao, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama.

Katika mialo mingi twaona maungio yamepigiliwa vipande vya bati. Bati linafaa likiwekwa juu ya maungio yaliyokwisha kuzibwa. Likipigiliwa juu ya ufa au uozo bila kuziba, hutega maji nyuma yake na ubao huendelea kuoza mahali pasipoonekana. Bati la namna hiyo linaficha ugonjwa, haliuponyi.

Hatua ya nne: Ubao uliooza

Ubao uliooza haufai kupakwa rangi wala kujazwa puti. Kateni mpaka mpite uozo kwa kipimo cha kiganja, mfikie ubao mzima pande zote mbili. Kipande kipya kiishie juu ya ubavu wa mtumbwi, si hewani, na maungio ya mbao zinazofuatana yasikae juu ya ubavu mmoja.

Mti wa mvule ni bora, maana haushambuliwi upesi na uozo wala mchwa, ila siku hizi ni adimu na una bei. Mkaratusi ni mgumu, lakini ukitumiwa ungali mbichi hupinda na kupasuka unapokauka. Mti wowote mtakaotumia, uwe umekaushwa kivulini kwanza.

Msumari mpya usipigwe katika tundu la zamani, sogezeni kidogo. Tobosheni kwanza tundu jembamba kuliko msumari ili ubao usipasuke. Tumieni misumari isiyoshika kutu upesi, mirefu ya kutokea upande wa pili, mpinde ncha zake.

Uozo ukiwa katika mkuku au katika mbavu nyingi, hiyo si kazi ya kujifanyia nyumbani. Mwiteni fundi wa mitumbwi. Naye akisema mtumbwi umekwisha, msikieni. Hata ile mashua ya Galilaya ilifika siku yake: wenyewe waliondoa sehemu zilizofaa kutumika tena, wakauacha mwili wake uzame.

Hatua ya tano: Rangi

Rangi ya mafuta hulinda ubao uliokauka. Ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu, hufungia unyevu ndani na baadaye hubabuka. Pigeni msasa, futeni vumbi, mpake mara mbili, mkiacha mkono wa kwanza ukauke kabisa. Msisahau ncha za mbao, kwa kuwa hapo ndipo maji hupenya upesi kuliko pengine. Kuna watu hupaka oili chafu ya magari. Tunawasihi wasifanye hivyo, maana huchuruzika katika maji yale yale tunayochota kupikia na kunyweshea mifugo.

Mtumbwi ukirudi majini, uacheni siku moja au mbili penye maji haba bila mzigo. Utavuja kidogo, kisha mbao zitavimba na kufunga. Baada ya hapo ndipo muupakie.

Hatua ya sita: Kuongeza usalama

Mtumbwi ungali nchi kavu, ongezeni mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

1. Madumu matupu ya plastiki ya lita 20, yenye vifuniko vinavyokaza. Fungeni kwa kamba imara chini ya mabao ya kukalia, mbele na nyuma, kulia na kushoto kwa usawa. Kila dumu huinua karibu kilo 19. Madumu 8 yatainua kilo 150 hivi, na mtumbwi uliojaa maji utabaki juu ili watu waushike.
2. Kopo la kukomba maji lililofungwa kwa kamba, lisichukuliwe na maji siku linapohitajiwa.
3. Kasia moja la akiba, kamba ndefu, na filimbi.
4. Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, lenye kuvaliwa. Lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.
5. Taa ya betri au ya sola badala ya karabai. Haina moto wala mafuta ya taa.
6. Simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nambari ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kumbukeni pia leseni ya chombo. Na kwa kuwa Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilifanywa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, muulizeni afisa uvuvi wa wilaya ni maji gani yanayoruhusiwa kabla hamjashusha chombo.

Deni la mwenye mtumbwi

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu ajengaye nyumba ameagizwa aweke ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Wakati ule watu walikaa na hata kulala juu ya dari. Sheria haikumwambia mgeni ajihadhari. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge. Twaona kuwa mtumbwi ni vivyo hivyo. Kijana anayeajiriwa kwa usiku mmoja hana uwezo wa kununua ubao, na akilalamika ataambiwa yuko mwingine anayetaka kazi. Mwenye mtumbwi ndiye awezaye kusema, "Leo hautoki." Anayesema hivyo anapoteza mapato ya usiku mmoja. Asiyesema, huenda siku moja atasimama mbele ya mama wa mtu bila neno la kumwambia.

Tena hatujui mtumbwi wetu utaitiwa kazi gani. Asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Watu 19 walikufa na 24 waliokoka. Waliotangulia kufika kuwasaidia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Asubuhi ile hapakuwa na nafasi ya kutafuta kasia wala kuziba tundu. Chombo kilichotunzwa wakati wa mapumziko ndicho kilichoweza kutoka mara moja.

Basi ndugu, kabla ya msimu kuanza, kila mwenye mtumbwi na aingie ndani yake mwenyewe, apige kasia mpaka maji ya kina, akae humo saa nzima. Akirudi na miguu mikavu, na awape vijana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu ni nani wenye mitumbwi, na ni nani wanaokaa ndani yake usiku?
2. Mtumbwi unavuja nusu lita kwa dakika. Baada ya saa 6 utakuwa umeingiza kilo ngapi za maji?
3. Kwa nini bati lililopigiliwa juu ya ufa usiozibwa ni hatari kuliko ufa unaoonekana?
4. Kikundi chetu chaweza kununua kwa pamoja vifaa gani ambavyo mvuvi mmoja hawezi kuvinunua peke yake?